Taa za Madoido Zilipofika Zizini

Ukiteremka matatu mjini Kimana giza likishaingia, ukitokea upande wa Emali, anayekulaki si Mlima Kilimanjaro. Mlima upo, lakini giza limekwisha kuumeza. Wanaokulaki ni taa. Kinyozi amezungushia kioo chake taa za buluu zinazofukuzana kama watoto wa chekechea. Duka la simu linabadilika rangi kila baada ya sekunde chache, mara kijani, mara zambarau, mara rangi ya chungwa. Muuza nyama naye amebandika ukanda mwekundu juu ya ndoano zake, nami nashuku ni kwa sababu nyama iliyo chini ya taa nyekundu huonekana mbichi kuliko ilivyo. (Akina mama, iombeni itolewe nje muitazame kwanza.)

Nilikuwa nimekwenda huko kumjulia hali shemeji yangu, mke wa rafiki yangu wa tangu utotoni. Boma lao liko mwendo wa robo saa kwa pikipiki kutoka mjini. Watoto walikuja wakainamisha vichwa, nikawagusa utosini kama ilivyo desturi. Chai ya maziwa ikaletwa, na kabla sijaimaliza, mwanawe wa kwanza, anayesoma chuo na kupanga chumba Kitengela, akafungua begi lake. Akatoa ukanda wa taa wa mita tano, uliozungushwa kama futi ya fundi cherehani, pamoja na rimoti yake ndogo nyeupe. Kisha akatoa mwingine, mwembamba zaidi, wenye kisanduku kidogo kama kiberiti.

"Baba mdogo," akaniambia, "huu wa kwanza ni wa zamani. Nimejinunulia huu mpya unaoongozwa kwa simu. Ule wa kale nikaona badala ya kuutupa nimletee mama apambe sebule."

"Na huo mpya umeubeba wa nini?"

"Simwamini yule ninayekaa naye chumba kimoja."

Tulicheka. Kijana akaunganisha ukanda wa zamani kwenye betri ya sola, sebule ikawa nyekundu, kisha kijani, kisha buluu. Watoto wakapiga makofi. Mama yao hakuitazama sebule hata kidogo. Alikuwa akitazama nje ya mlango, penye zizi la mbuzi.

"Shemeji," akaniuliza, "hii inaweza kucheza hivyo usiku kucha bila mtu kuishika?"

Mpenzi msomaji uliye mjini, huenda swali hilo lisikuguse. Kule Kimana ni swali la karo. Ardhi ile ni njia ya wanyama kati ya Mbuga ya Amboseli na milima ya Chyulu na Tsavo, na wanyama hawana habari kwamba mbuzi huyu ndiye atakayelipa muhula wa pili. Mwezi Mei mwaka 2023 magazeti ya dunia nzima yaliandika habari za Loonkito, simba dume aliyekuwa na umri wa miaka 19 hivi, mmoja wa simba wazee zaidi waliojulikana. Alichomwa mkuki katika kijiji cha Olkelunyiet alipoingia zizini kutafuta chakula. Siku chache baadaye simba sita wakauawa Mbirikani, baada ya kuua mbuzi 11 na mbwa mmoja. Mbirikani utaipita ukija Kimana kutoka Emali. Wenye mbuzi walipata hasara, simba nao wakafa, na nchi ikapoteza kile kinachowaleta watalii. Kwa hiyo mama anapotazama taa ya madoido na kuliwazia zizi, hafanyi mzaha.

Wala si wa kwanza kuliwaza hilo. Jambo la kuchekesha ni kwamba wazo lenyewe lilizaliwa katika mbuga zile zile za Kitengela ambako kijana wetu amepanga chumba. Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1946, haina ua upande wake wa kusini, na simba huvuka mto wakaingia kwa wafugaji. Huko alikulia Richard Turere, aliyekabidhiwa ng'ombe wa baba yake akiwa na miaka tisa. Simba walipozidi, alijaribu kwanza moto, lakini moto ukawasaidia simba kuona vizuri zaidi ndani ya zizi. Akasimamisha sanamu ya mtu. Simba wa siku ya kwanza wakaondoka, ila siku ya pili wakagundua kwamba yule bwana hasogei. Usiku mmoja alipokuwa akizunguka zizi na tochi, simba hawakuja. Hapo akafahamu kwamba wanachoogopa ni taa inayotembea.

Alikuwa na miaka 11 tu. Akachukua betri kuukuu ya gari inayopata chaji kwa paneli ya sola, kile kisanduku cha pikipiki kinachofanya taa za kukatia kona ziwake na kuzima, swichi, na balbu ndogo alizozitoa katika tochi zilizoharibika. Akazipanga zikitazama nje ya zizi, zikawa zinawaka na kuzima zenyewe, simba akidhani kuna mtu anazunguka ilhali kijana amelala. Akawawekea na majirani. Mwaka 2013 alisimama Marekani kwenye jukwaa la TED akasimulia habari hiyo, na mwaka 2023 Ofisi ya Hataza ya Ulaya ilimtunukia katika tuzo yake ya wavumbuzi vijana.

Basi nikamwambia shemeji kwamba jibu la swali lake lipo, ila inategemea taa ni ya kizazi gani. Na hapa ndipo wengi wetu hupotea tukienda dukani. Hudhani kizazi kipya ni kile chenye mwanga mkali zaidi au rangi nyingi zaidi. Sivyo. Tofauti iko katika nani anaamriwa, na nani anatoa amri.

Tuanze na babu yao. Waliokuwa na umri wa kukumbuka Krismasi za miaka ya themanini na tisini watazikumbuka zile taa za mti, balbu ndogo za nyuzi za moto zilizopangwa mstari mmoja, stima ikipita kwenye moja kabla ya kufika kwa nyingine. Moja ikiungua, zote kimya, na baba wa nyumba anakesha akijaribu balbu moja moja huku watoto wakimpa ushauri. Kumetameta kwake kulitokana na balbu moja maalumu iliyokuwa na kibati cha madini mawili ndani yake. Kibati kikipata moto hupinda na kukata stima, kikipoa hunyooka na kuirudisha. Hakuna akili yoyote mle ndani, ni joto tu. Zile taa za kukatia kona za magari ya zamani zilifanya kazi kwa njia hiyo hiyo, kwa hiyo taa ya Krismasi na taa ya kumfukuza simba zina undugu wa karibu kuliko mtu angedhani.

Kisha zikaja taa za LED, ambazo hazina uzi wa kuungua. Ndani yake mna kipande cha madini kinachotoa mwanga stima inapopita. Ile nyekundu inayoonekana kwa macho ilitengenezwa Marekani na Nick Holonyak mwaka 1962. Ya buluu yenye nguvu iliwasumbua wataalamu kwa miaka thelathini hivi, mpaka Wajapani watatu, Akasaki, Amano na Nakamura, walipofaulu mwanzoni mwa miaka ya tisini, wakapewa Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Bila buluu hakuna nyeupe, na bila nyekundu, kijani na buluu kwa pamoja hakuna hizi rangi zote zinazotuhangaisha madukani.

Ukanda wa zamani wa kijana wetu ni wa kizazi hicho. Una nyaya nne: mmoja wa kuleta stima ya volti 12, na mitatu ya rangi, nyekundu, kijani na buluu. Rimoti inaongea na kisanduku, kisanduku kinafungua rangi hii na kufunga ile. Lakini taa zote za ukanda hutii amri moja. Ikiwa nyekundu, ni nyekundu kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ni kama kwaya isiyojua sauti nne, wote wanaimba sauti moja.

Wakati huo huo wakubwa wa Ulaya walikuwa wakiingiza simu katika mambo haya. Mwaka 2012 zilitoka taa za Philips Hue, ambazo hazikuongea na simu moja kwa moja bali kupitia kisanduku kilichochomekwa kwenye mtandao wa nyumba, nacho kiliweza kuongoza hadi balbu 50. Zilikuwa taa nzuri na za bei ya watu wengine. Zilikuwa pia na kasoro ambayo Mkenya yeyote angeigundua usiku wa kwanza: stima ikikatika na kurudi, balbu ziliwaka nyeupe kwa nguvu zote. Fikiria zimerudi saa nane za usiku, nyumba nzima imekuwa uwanja wa mpira, na mtoto mchanga ndiyo kwanza alale. Kasoro hiyo iliondolewa mwishoni mwa mwaka 2018. Na mwezi Aprili 2020 vile visanduku vya kwanza kabisa viliachwa mkono na kampuni. Balbu hazikufa, lakini ufundi wote uliotegemea intaneti ukakatika.

Hilo ndilo jambo ambalo muuzaji hatakwambia. Taa ya kuongozwa kwa simu ina mabwana wengi: kuna wewe, kuna simu yako, kuna waifai, na kuna kompyuta ya kampuni fulani nchi za mbali. Nyingi zinazouzwa kwa bei nafuu hupeleka kila amri kwa kampuni kwanza, kisha irudi nyumbani. Wewe uko Kitengela, taa iko mita mbili mbele yako, na amri ya kuizima inasafiri ng'ambo na kurejea. Siku kampuni ikifunga duka, taa yako imekuwa yatima. Tangu Oktoba 2022 kumekuwa na kiwango cha pamoja kiitwacho Matter, kilichokubaliwa na makampuni makubwa yaliyokuwa yakigombana, na moja ya faida zake ni kwamba amri huweza kubaki humo humo nyumbani. Ukiona alama yake kwenye boksi, ni afadhali. Usipoiona, muombe muuzaji akuwashie, kisha azime ile waifai mbele yako, achomoe taa na kuichomeka tena. Ikiendelea na kazi iliyokuwa ikifanya, lipa. Ikikaa kimya au ikaanza kupepesa kama inayeomba msaada, muage kwa heshima.

Jambo jingine la nyumbani ni swichi ya ukutani. Bibi akija kutembea, atazima taa ukutani kama alivyozoea maisha yake yote, na hapo simu yako haitaipata tena. Na ukiizima kwa simu, ukumbuke kwamba haijazimika kabisa. Inaendelea kusikiliza, na kusikiliza huko kunakula stima kidogo usiku na mchana.

Sasa nije kwenye ukanda mpya wa kijana, maana huo ni kiumbe kingine. Una nyaya tatu tu badala ya nne. Katika kila taa mmewekwa chipu ndogo, na kila taa huamriwa peke yake. Nilimweleza shemeji hivi: chukua watoto wa shule wamepanga foleni, mwalimu anampa wa kwanza rundo la barua. Wa kwanza anachukua ya juu, ambayo ni yake, anapitisha zilizobaki kwa wa pili, naye vivyo hivyo, hadi wa mwisho. Kila barua inasema kiasi cha nyekundu, kiasi cha kijani na kiasi cha buluu, kila rangi ikiwa na ngazi 256. Zidisha hizo zote upate rangi zaidi ya milioni 16, ingawa sijui ni macho ya nani yatakayozihesabu. Kazi hiyo hurudiwa mara nyingi kila sekunde, na ndiyo sababu taa za kinyozi wa Kimana huweza kufukuzana. Mwanga unatembea.

"Unatembea?" shemeji akauliza. Alikuwa amelishika neno lenyewe.

Unatembea, ndiyo, na ndilo jambo ambalo ukanda wa zamani hauwezi. Lakini sikiliza na ubaya wake. Mtoto mmoja akizirai kwenye foleni, barua haziendi mbele, na wote walio nyuma yake wanakaa gizani. Tumezunguka miaka arobaini tukarudi kwenye taa za mti wa Krismasi! Aina za baadaye zimewekewa waya wa pili wa akiba, ili barua imruke aliyezirai, na ukinunua uliza kama ukanda una njia hiyo ya akiba. Ubaya wa pili ni kwamba aina nyingi hutumia volti 5, na volti 5 huchoka upesi njiani. Kwenye ukanda mrefu utaona mwisho wake umefifia na kugeuka wekundu wekundu. Si ugonjwa wa taa, ni stima haifiki, na dawa yake ni kuulisha ukanda kutoka pande zote mbili.

Tuliujaribu ule mpya pale bomani. Ulitaka volti 5, betri ya sola ni ya volti 12, ikabidi tutumie chaja ya simu ya kwenye gari. Programu yake ikataka waifai, hapakuwa na waifai, simu yangu ikajifanya waifai. Kisha ikataka kijana ajiandikishe na kutuma nambari ya siri, na mtandao pale ni kijiti kimoja kinachokuja na kuondoka kama mgeni asiyetaka kula. Tulipofanikiwa ilikuwa saa tatu usiku na chai imepoa. Ni kweli ulimetameta vizuri ajabu. Lakini shemeji alikuwa amekwisha kutoa hukumu yake.

"Huu ni wa kutunzwa," akasema. "Mimi nina mbuzi wa kutunza."

Tukarudi kwenye ukanda wa zamani, na hapa naomba vijana wa shule wachukue kalamu. Ukanda kama huo wenye taa 60 kwa kila mita hula wati 14.4 kwa mita rangi zote zikiwaka. Mita tano ni wati 72, yaani ampea 6 kwa volti 12, na ndiyo maana ile adapta ndogo ya ampea 2 inayouzwa nao hupata moto kama pasi. Betri ndogo ya sola ya volti 12 na ampea-saa 7 ina wati-saa 84. Ukiwasha ukanda mzima mweupe, betri imekauka kwa muda unaozidi saa moja kidogo tu. Hiyo si taa ya usiku kucha.

Ila ukanda wa volti 12 una siri yake: hukatika. Kila baada ya taa tatu pana mstari mdogo na alama ya mkasi, na kipande cha taa tatu kinajitegemea. Kipande hicho kwa rangi moja hula takriban robo ya wati. Tukakata vipande tisa. Vyote vikiwaka pamoja havifiki wati tatu, na kwa kuwa vinapokezana, vingi vikiwa vimezima, usiku mzima wa saa 12 hauwezi kumaliza nusu ya betri ile.

Sasa tatizo likabaki lile la kutembea. Kwaya ya sauti moja utaifanyaje itembee? Kijana ndiye aliyelijibu, nami nampa sifa zake. Ukanda una nyaya tatu za rangi, zizi lina pande. Akaunganisha vipande vya upande wa lango kwenye waya wa nyekundu peke yake, vya upande wa mlimani kwenye waya wa kijani, na vya upande wa kichakani kwenye waya wa buluu. Kisha akabonyeza kile kitufe cha rimoti kinachorusha rangi tatu moja baada ya nyingine. Nyekundu ikawaka langoni, ikazima. Kijani ikawaka upande wa mlimani, ikazima. Buluu ikawaka kichakani. Kisanduku kilidhani kinabadilisha rangi za sebule, kumbe kinamzungusha mlinzi kuzunguka zizi. Akabonyeza kitufe cha rangi saba, na kwa kuwa manjano ni nyekundu na kijani kwa pamoja, pande mbili zikawaka mara moja, kana kwamba walinzi wamekuwa wawili.

Tulitumia waya wa stima wa kawaida, tukafunika maungio kwa utepe, tukaelekeza taa zote nje. Ukizielekeza ndani utakuwa umewawashia mbuzi taa ili mgeni achague anayemtaka, kosa lile lile la moto. Kisanduku kikakaa chini ya paa la nyumba, maana rimoti za aina hii lazima zikione kisanduku ndipo zisikike. Vumbi la Amboseli nalo tulilikumbuka. Ukitazama kwenye boksi utaona herufi IP na tarakimu mbili. Ya kwanza ni ya vumbi, ya pili ya maji. IP65 haiingizi vumbi na hustahimili maji ya kunyunyiziwa, IP20 ni ya sebuleni tu. Wetu ulikuwa na ngozi ya plastiki, lakini tulipoukata tukalazimika kuziba kila ncha kwa gundi.

Nilimtahadharisha shemeji jambo moja, nami nalirudia hapa kwa mkazo. Simba anajifunza. Mwaka 2018 ulichapishwa utafiti uliofanywa kando ya Mbuga ya Nairobi, ambapo wenye maboma 80 waliulizwa, 43 wakiwa na taa za kumetameta na 37 wakiwa hawana. Mashambulizi kwenye maboma yenye taa yalipungua, hilo halina shaka. Lakini watafiti waliona pia kwamba simba walianza kuvizia mifugo mchana, huko malishoni, ambako hakuna taa. Na taa inayorudia mdundo mmoja kila usiku ni sawa na ile sanamu ya Turere isiyosogea. Ndiyo sababu taa zake za baadaye ziliongezewa mitindo 16 ya kumetameta. Kwa hiyo ua wa zizi uwe imara kwanza, mbwa wawepo, mchungaji asilale mchana, halafu ndipo taa. Tena taa yenyewe isizoeleke.

"Nani atakuwa anaibadilisha?" kijana akauliza. "Mimi narudi Kitengela Jumapili. Mama, ule mpya ungejibadilisha wenyewe."

Na alikuwa na haki, ukweli usemwe. Kama mtu angetengeneza ukanda wa kizazi kipya wa volti 12, wenye waya wa akiba, unaohifadhi mitindo yake ndani ya kisanduku na kujichagulia kila usiku bila kuuliza simu wala kampuni, ningemshauri kila mwenye zizi aununue. Sehemu zote za kufanyia hivyo zipo madukani tayari. Vijana mnaosoma ufundi wa stima vyuoni, mwalimu akiwaambia mtafute mradi wa kumalizia masomo, msipoteze muda na taa ya kubadilika rangi kufuata muziki. Nendeni Kimana.

Mama yake hakumjibu kwa maneno. Aliichukua rimoti mkononi mwake, akaigeuza, akaitazama vile vitufe vya rangi kama anayechagua shanga sokoni, kisha akabonyeza. Nje pakabadilika. Akabonyeza kingine. Kuanzia usiku huo kazi ikawa yake. Kabla ya kufunga mlango anasimama, anachagua mtindo, na akiamka usiku kumtazama mtoto anachagua mwingine. Wala hafuati utaratibu wowote, nilimchunguza.

Nililala pale usiku tatu. Sitakudanganya kwamba simba alikuja akakimbia, kwani sikusikia simba. Nilisikia fisi mbali, na mbwa wakabweka, na nilipochungulia dirishani niliona kijani, kisha giza, kisha nyekundu na buluu kwa pamoja, na macho ya mbuzi yaking'aa kati yao. Asubuhi mlima ulikuwa wazi wote, mweupe kileleni. Nilipokuwa nikipanda pikipiki ya kunirudisha mjini, shemeji akaja mbio, rimoti ameifunga kwenye pindo la shuka yake.

"Shemeji, ukipita dukani uninunulie betri ya hii, umpe mwenye pikipiki aniletee. Ile bapa, ya duara kama sarafu. Kijana anasema imeandikwa CR2025. Leta mbili."